Sayari ya Zebaki ikipita mbele ya Jua: iangalieni kwenye karatasi

Walimu wa sayansi wa Tabora, jaribuni hili sasa kwa madoa ya Jua, kabla Zebaki haijakatiza tarehe 13 Novemba 2032, kuanzia kama saa 3:40 asubuhi hadi baada kidogo ya saa 8 mchana. Fungeni darubini ya macho mawili yenye ukuzaji wa mara 10 kwenye kiti, zibeni jicho moja la darubini, kisha ielekezeni kwa kutazama kivuli chake: kikiwa kidogo kabisa, imelenga Jua. Asichungulie mtu ndani hata mara moja, ni kupofuka. Kingeni mwanga kwa karatasi nyeupe ndani ya katoni, mita 1 hivi nyuma ya darubini. Jua litakuwa na upana wa sentimita 9, Zebaki nukta ya nusu milimita tu. Tikiseni karatasi: nukta ikihama nayo, ni uchafu. Doa la Jua huwa na kingo za kijivu. Zebaki ni duara jeusi, nayo husogea. Tundu lililotobolewa kwa sindano kwenye kadi halitaionyesha Zebaki, ni ndogo mno. Na mvua za Novemba zikitanda, hakuna ujanja.