Maisha ya Koko kwenye karatasi mbili

Koko, yaani bibi mzee wa kanisa, akifariki hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mara nyingi familia inabaki na siku mbili au tatu kabla ya mazishi, na kila mtu ana mbio zake: huyu jeneza, yule turubai na viti, mwingine chakula cha wageni wa matanga. Historia ya marehemu, ile inayosomwa msibani, inaachiwa mjukuu aliyesoma, usiku wa mwisho. Ndiyo maana nyingi zinafanana: alizaliwa, akaolewa, akazaa, alimcha Mungu, hatutamsahau. Mama aliyelala pale mbele ana haki ya zaidi ya hayo, na muda unatosha mkianza siku ya kwanza.

Kalamu ishikwe na mtu mmoja. Wengine walete habari, lakini asiwepo wa pili anayeandika, maana karatasi mbili zitatoa hesabu mbili za watoto. Afadhali awe mjukuu mtulivu au mkwe kuliko mtoto wa kumzaa: mtoto yuko ndani ya kilio, na akiwauliza shangazi zake maswali, wao watamfariji badala ya kumjibu.

Anzeni na majina na miaka. Kadi ya uchaguzi msiiamini peke yake. Kwa wazee wengi mwaka ulikadiriwa, na tarehe mosi Januari iliandikwa kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Mkatoliki aliyebatizwa mtoto ana kitabu cha ubatizo parokiani alikobatizwa: mna jina lake la kwanza, wazazi wake, msimamizi wake, tarehe, na pembeni huongezwa kipaimara na ndoa. Mtu mmoja aende asubuhi na mapema akiwa na jina la baba wa marehemu, kwa sababu kina Maria ni wengi. Jina lenyewe linahitaji uangalifu. Mwaka 1972 serikali ya Zaire ilikataza majina ya Kikristo, kwa hiyo karatasi za miaka hiyo zinaweza kuonyesha mama mwingine kabisa. Andikeni yote: la nyumbani, la ubatizo, na lile ambalo mtaa mzima ulimwita.

Pasipo kitabu, tumieni matukio ambayo wazee hawayasahau. Uhuru ni Juni 1960. Vita ya Schramme, kiongozi wa mamluki, ni 1967: watu wake walishika mji kuanzia Agosti hadi mwanzo wa Novemba. Wakimbizi wa Rwanda waliingia Julai 1994. Askofu Mkuu Munzihirwa wa Bukavu aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Tetemeko lililotokea siku ya Bwana ni tarehe 3 Februari 2008. Kisha pigeni hesabu. Dada yake akisema, "Wakati wa Schramme alikimbia na mtoto wa kwanza aliyekuwa ameanza kutembea," mtoto huyo alizaliwa karibu 1966. Kama kadi inasema mama alizaliwa 1954, basi angezaa akiwa na miaka 12: kadi ndiyo yenye kosa. Mkishindwa, andikeni "karibu mwaka 1947". Neno "karibu" si aibu. Jioni hiyohiyo mpelekeeni mwaka mliokubaliana fundi wa msalaba na mtu anayechapa programu. Msalaba ukisema hivi na msomaji akisema vile, makaburini watu wataanza kunong'ona, na rangi ikishakauka hakuna wa kuifuta.

Sasa imani yenyewe, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Someni Matendo ya Mitume 9:39. Dorkasi amekufa kule Yafa, Petro anafika, na wajane hawamwambii kwamba alikuwa mwema. Wanalia huku wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Fanyeni kama wale wajane. "Alikuwa mama wa sala" haimwonyeshi mtu yeyote. "Kila saa kumi na moja alfajiri tulimsikia akitaja majina yetu mbele ya Mungu mmoja mmoja, na mwenye mtihani siku hiyo alitajwa mara mbili" inamrudisha mzima.

Maneno ya namna hiyo hayaji kwa swali la "Alikuwa mtu wa namna gani?" Ukiuliza hivyo, wote watakujibu: alikuwa mtu mzuri. Uliza: Alikaa benchi gani kanisani, na kwa nini hilo? Wimbo gani ulimtoka akichambua sombe, majani ya muhogo? Akienda kumwona mgonjwa alibeba nini? Nani alilala kwake wakati wa vita? Alikugombeza kwa kosa gani? Siku gani ulimwona amechoka hata kusali? Swali la mwisho lisikutishe. Mama aliyewahi kunyamaza mbele ya Mungu wake, kisha akarudi kanisani, anawafaa wafiwa kuliko mama ambaye hakuwahi kuyumba.

Mashahidi wamekaa palepale chini ya turubai. Wa utoto wake ni mdogo wake au mtu wa kijiji chake. Wa miaka ya mwisho ni wamama wa shirika lake la kanisa, maana wao walijua alichokula na alichotoa. Mchukue kila mmoja pembeni, robo saa tu, na simu ikirekodi baada ya kumwomba ruhusa. Kwenye kundi, mwenye sauti kubwa atawasemea wote. Fungueni pia Biblia yake na kitabu chake cha nyimbo: kurasa zilizochakaa na karatasi zilizofichwa katikati zinaonyesha aliposimama mara nyingi.

Kisha uandike, na upunguze. Anayesoma kwa sauti msibani anapita maneno kama 100 kwa dakika, kwa hiyo dakika tano ni maneno 500, karibu karatasi mbili zenye herufi kubwa. Kuzaliwa, ndoa na watoto vichukue robo. Robo tatu zinazobaki ziwe za matendo yake. Wataje watoto wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, na waliotangulia pia, na wale aliowalea bila kuwazaa. Jina moja likisahauliwa hapa, jeraha lake linakaa miaka. Orodha hiyo wasomewe wakubwa wawili wa ukoo, mmoja upande wa mama na mmoja upande wa baba. Diploma za watoto ziondoe. Ugonjwa upewe sentensi moja, na aliyelipa hospitali ashukuriwe kwingine.

Lugha iwe ile ya wamama waliokaa mbele. Kifaransa kinawafaa walio ng'ambo, nao watumiwe nakala yao kwa simu. Kama alisali kwa Mashi, lugha ya Bashi, na kumwita Mungu Nyamuzinda, neno lake libaki vilevile, kisha maana ifuate kwa Kiswahili.

Kabla ya kupanga saa, ongeeni na padri au mchungaji. Katika misa ya mazishi ya Kikatoliki mahubiri hayageuzwi kuwa sifa za marehemu. Mtu mmoja wa familia anaweza kusema machache baada ya sala ya komunyo, kabla ya kumuaga marehemu. Historia ndefu na ushuhuda vina nafasi yake kwenye mkesha, nyumbani. Wachungaji wengine hutoa muda zaidi, lakini wao pia waulizwe mapema.

Chapeni herufi ya 16, mistari ikiachana, kurasa zikiwa na namba, na sentensi isikatwe kati ya kurasa. Miaka iandikwe kwa maneno, maana macho yenye machozi hayasomi tarakimu. Fanyeni hivyo mchana, umeme usije ukawaangusha usiku. Msomaji asome kwa sauti mara tatu, na pale sauti inapokwama kila mara achore mstari: hapo atasimama, apumue, aendelee. Msomaji wa pili akae karibu naye na nakala yake, akiwa amekubali tangu jana kupokea bila kuitwa.

Matanga yakiisha, rekodi zile zisibaki kwenye simu moja. Zipo sauti za wazee ambao hawatakuwapo mwaka ujao. Wekeni nakala kwenye flashi, na nyingine kwa ndugu wa mji mwingine; hapa mjini, mtaa wa Kadutu, nyumba za mbao zimebanana, moto ukianza kwa jirani haumuulizi mtu. Picha za zamani zitoeni kwenye fremu ya kioo, zipigwe kivulini mchana bila flashi ya simu, na nyuma andikeni majina kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hupenya. Anzeni na picha zenye watu ambao ni bibi mmoja tu aliyebaki anayewatambua.