Jinsi ya kuondoa onyo la "defined but not used" kwenye draiva ya Linux na kutuma kiraka

Onyo hili la kompaila hutokea pale ambapo `foo_suspend` na `foo_resume` (funksheni za kulaza na kuamsha kifaa; `foo` ni jina la mfano la draiva) zimeandikwa kwenye faili, lakini makro inayozitumia, `SIMPLE_DEV_PM_OPS`, hubaki tupu CONFIG_PM_SLEEP (chaguo la kerneli la kulaza mashine) ikiwa imezimwa. Usanidi wa kawaida huwa umeiwasha, ndiyo maana wengi hawalioni.

Anza kwa kulifanya onyo litokee kwako mwenyewe. Usihangaike kuzima PM_SLEEP moja kwa moja, kwani hujiwasha kwa kufuata SUSPEND au HIBERNATION na `olddefconfig` (amri inayokamilisha usanidi) itairudisha. Zima hizo mbili:

`./scripts/config -d SUSPEND -d HIBERNATION`
`make olddefconfig`
`grep CONFIG_PM_SLEEP=y .config`

Grep isipotoa kitu, jenga faili lako tu: `make drivers/.../foo.o`.

Sasa dawa. Kuzungushia funksheni `#ifdef` ni njia ya mkato inayorudisha tatizo kwa mlango wa nyuma: funksheni ndogo iliyokuwa ikiitwa na `foo_suspend` pekee nayo inakosa mwenye kuiita, na onyo linahamia huko. Badala ya `SIMPLE_DEV_PM_OPS` tumia `DEFINE_SIMPLE_DEV_PM_OPS`, kisha kwenye draiva andika `.pm = pm_sleep_ptr(&foo_pm_ops)`. Kompaila itaziona funksheni zikitumika, kisha itazitupa zenyewe. Ukisahau `pm_sleep_ptr`, onyo litaondoka lakini `foo_pm_ops` itabaki ndani ya kerneli bila kazi. Makro hizi zilikuja na toleo la 5.17 (2022), kwa matoleo ya nyuma weka `__maybe_unused` kwenye funksheni hizo.

Ndani ya funksheni, `if (IS_ENABLED(CONFIG_X))` hupendeza kuliko `#ifdef`, ila msimbo wote bado husomwa na kompaila. Ukigusa sehemu ya struct iliyofichwa na `#ifdef`, hautajengeka. Hapo iache `#ifdef` ilivyo.

Jenga mara mbili, chaguo likiwa limewashwa na likiwa limezimwa. Kisha `git commit -s` (`-s` huweka sahihi yako, Signed-off-by). Nakili onyo lenyewe kwenye maelezo bila kulikata mistari, na weka lebo ya `Fixes:` yenye herufi 12 za mwanzo za hash (kitambulisho) ya komiti iliyoleta kosa. Kitengeneze kiraka kwa `git format-patch -1`, kipitishe kwenye `scripts/checkpatch.pl --strict`, pata wapokeaji kwa `scripts/get_maintainer.pl`, kisha tuma kwa `git send-email`. Usikiambatishe kama faili. Wakitaka marekebisho, tuma upya kwa `-v2`, ukieleza kilichobadilika chini ya mstari wa `---`.