Kabla hujakabidhiwa timu ya zimamoto: mambo ya kuzingatia, kutoka Tanga

Juzi kijana mmoja wa hapa Tanga kanipigia, kapewa uongozi wa timu ya zimamoto pale anapofanya kazi, kwenye ghala la katani, ana watu kumi na mmoja chini yake. Akaanza kuniuliza habari za mitungi na helmeti. Nikamwambia mwanangu vifaa tutafika, ila nikuulize kwanza, moto ukiwaka saa nane za usiku wewe utasimama wapi? Akajibu bila kufikiri, mbele kabisa mzee, pamoja na vijana wangu. Hapo nikaona niandike, mana na mimi miaka ile ningejibu hivohivo, na jibu hilo nusura linigharimu roho ya mtu.

Ilikuwa ghala kama lake. Marobota yamepangwa mpaka karibu na bati, na yoyote aliyekulia huku kwenye mkonge anajua moto wa katani ulivyo, juu unapita haraka kwenye zile nyuzi zilizochomoza, unauzima unaona umekwisha, kumbe umeshaingia ndani ya robota unakula polepole, na robota moja ni kilo 250 hivi, huligeuzi kwa mguu. Mimi ndiye kiongozi. Nikashika nozo mwenyewe, ile ncha ya mpira wa maji, nikaingia. Nilijiona nafanya kazi kwelikweli. Baada ya dakika kadhaa mtu mmoja akauliza jamani fulani yuko wapi, na hakuna aliyejua, mana aliyetakiwa kujua alikuwa mimi na mimi nilikuwa ndani kwenye moshi naangalia maji yanapogonga. Vijana wawili wakarudi ndani kumtafuta na hewa kwenye mitungi yao ya kupumulia imeshashuka, filimbi za kuonya kwamba hewa inaisha zinalia. Kumbe yule kijana alishatoka mlango wa nyuma zamani, yuko chini ya mwembe anakohoa. Wote watatu wako hai hadi leo, alhamdulillah, lakini zile dakika nikisimama mlangoni nasubiri wale wawili watoke sijazisahau, na kila ninachokiandika hapa kinatoka pale mlangoni.

Kwahiyo jambo la kwanza kabla ya mengine yote: amua leo, hakuna moto, kwamba wewe hutashika mpira. Utasimama nje, mahali unapoona angalau pande mbili za jengo, upepo ukiwa mgongoni, na watu wako wajue utakuwa hapo ili wakitaka kukuambia kitu wasikutafute. Hii ngumu kuliko kukimbia na mpira wa mita ishirini begani, nakwambia ukweli, mana mikono inakuwasha, na wafanyakazi wengine wanakuangalia kama vile umeogopa. Fanya nao mazoezi ya hilo. Siku ya zoezi mwambie mtu akuletee nozo akubembeleze uishike na wewe ukatae, ukae pale unatoa oda na kusikiliza ripoti tu. Na kama watu wamefika zaidi ya watano hivi chini yako moja kwa moja, wagawe, weka msaidizi. Wamarekani walipounda ule mfumo wao wa kuongoza matukio baada ya mioto mikubwa ya California ya mwaka 1970, waliweka kwamba mtu mmoja asimamie watu watatu mpaka saba, na watano ndio inakaa vizuri. Ukikaa na watu kumi na mmoja wote wanakuita wewe kwenye redio koli moja, hutasikia hata mmoja.

Halafu majina. Timu za kazini ni waja leo waondoka leo, huyu mkataba umeisha, yule kahamia shifti ya usiku, mwingine kaenda Muheza kwenye msiba, na karatasi ya timu iliyobandikwa ukutani ina majina ya watu walioacha kazi mwaka juzi. Kila shifti inapoanza andika upya, nani yupo, nani na nani wanaingia pamoja, mana hakuna mtu kuingia peke yake na hakuna mtu kutoka peke yake, na wawili wabaki nje wameshavaa tayari kwa ajili ya kuwafuata wa ndani. Ukiwa na watu watatu tu wakati ule basi hamuingii, mnapiga maji kutokea nje na mnangoja, labda kama kuna mtu ndani mnamsikia analia, na hapo uamuzi ni wako na utaubeba wewe.

Sasa hewa, kama timu yenu ina vifaa vya kupumulia. Watu wanaangalia maandishi kwenye makaratasi, dakika 45, wanaamini. Piga hesabu mwenyewe: mtungi wa lita 6 uliojazwa mpaka bar 300, bar ndio kipimo cha presha, una kama lita 1,800 za hewa, na hizo dakika 45 zimepatikana kwa kudhani mtu anavuta lita 40 kwa dakika. Nani anavuta lita 40 huku anaburuta mpira uliojaa maji kwenye joto la Tanga la mwezi wa pili? Mtu mzito au mwenye hofu anaweza kufika 80, na hapo dakika 45 zimeshakuwa kama 22, na humo humo toa akiba ya kutokea. Filimbi inapolia kwenye bar 50 au 55 sio muda wa kuanza kufikiria kutoka, ni muda ambao ulitakiwa uwe umeshafika mlangoni. Ndio maana nasema kila mtu apimwe kwenye zoezi, atembee ngazi, abebe mzigo, aandikwe ametumia hewa kiasi gani kwa dakika kumi, na kiongozi awe na namba hizo kwenye daftari. Nje pale kwenye ubao unaandika jina, bar alizoingia nazo na saa aliyoingia. Kazi ya chaki tu, ila ndiyo inayoleta watu nyumbani.

Maji nayo ni hesabu, na hapa ndipo naona timu nyingi zinajidanganya. Tuseme mmeletewa gari lenye lita 5,000. Nozo moja inayotoa lita 400 kwa dakika inalimaliza kwa dakika kumi na mbili na nusu, mkifungua mbili ni dakika sita na kitu, afu kimya. Kwahiyo swali sio gari lina maji kiasi gani, swali ni la pili litatoka wapi. Kabla hujakabidhiwa timu tembea kwa miguu, usitumwe ripoti, tembea mwenyewe na ufunguo wa haidranti mkononi, lile bomba la kuchukulia maji ya zimamoto, ifungue uone kama inatoa maji au inatoa hewa na mchanga, uone kama kuna mtu kajenga kibanda juu yake. Pima presha. Kumbuka kila ghorofa mnayopanda na mpira inakula kama bar 0.3 kabla hujahesabu msuguano wa ndani ya mpira wenyewe. Sisi tuko na bahari hapa, watu wanasema maji tunayo, sawa, lakini bahari bila pampu ya kunyonya, bila njia ya kufikisha pampu mpaka majini, tena likiwa bamvua limekupwa na maji yako mbali huko, ni maji ya kutazama tu. Na pampu ikishatumia maji ya chumvi isuuzwe kwa maji baridi siku hiyohiyo.

Njia ya kuingilia ndio ndugu yake maji. Ngamiani kwa zile barabara zake za namba ni rahisi kuelekeza, unasema Barabara ya Kumi na Mbili mtu anajua, lakini ukienda maeneo yaliyojengeka kiholela unakuta gari linapita kwenda na haligeuki kurudi. Kiwandani vilevile, geti linafungwa usiku na mwenye ufunguo amelala kwake Kange. Ufunguo uwe kwa mlinzi, na mlinzi awe kwenye timu. Tena mlinzi ndiye apige 114 ya jeshi la zimamoto kwanza kabla hamjagusa chochote, ile namba ni ya bure na ni ya nchi nzima, aseme mtaa, geti lipi, kinachoungua nini, na kama kuna watu ndani, asikate mpaka aambiwe. Nimeona watu wazima wakiona haya kupiga, eti tujaribu wenyewe kwanza tusiwasumbue, mpaka moto umeshika paa. Piga, afu pambana, wakifika wakakuta mmeshauzima hakuna aliyepata hasara.

Upepo ni kitu kidogo ila kwa sisi wa pwani usikipuuze. Mchana mara nyingi unatoka baharini, usiku unageuka unatoka bara, na msimu wa kaskazi ni joto na kukavu, majani yameungua jua, cheche zinasafiri. Sehemu uliyochora kwenye ramani kuwa ndio watu watakusanyikia kwa sababu zoezi lilifanywa saa nne asubuhi, saa saba za usiku inaweza kuwa ndio moshi unapoelekea. Weka mbili.

Mafuta niyaseme peke yake kwa sababu mji wetu unazidi kuwa mji wa mafuta. Meli zinashusha bandarini, malori yanapanda kupitia Segera kwenda Kilimanjaro na Arusha, na kule Chongoleani ndio mwisho wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu Morogoro lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu kuchota, likalipuka, wakafa zaidi ya watu 100. Mimi huwa nawafundisha vijana kwamba kwenye tukio la namna hiyo kazi ya kwanza ni kamba na sauti, kuwarudisha watu nyuma, kuzima bodaboda, hakuna simu mkononi wala sigara, mana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kwenye mtaro mpaka unakutana na moto wa mama ntilie mbali kabisa na lori. Gesi ya kupikia nayo inatambaa hivohivo. Na petroli ikiwaka hairushiwi maji, maji yanazama chini na mafuta yanaelea juu yake yakiendelea kuwaka, hapo ni povu au poda. Ukiona timu yenu ina povu kwenye stoo lakini hakuna aliyewahi kulitumia hata siku moja, basi hamna povu.

Mazoezi yenyewe yafanyike kwa ugumu wa kweli. Wanaokwenda depo ya jeshi la zimamoto pale Chogo, Handeni, wanapikwa kwa miezi, sisi wa maghalani na viwandani tunapata siku mbili tatu afu cheti. Kwahiyo kiongozi ndio unageuka mkufunzi. Ziba vioo vya maski kwa kitambaa cheusi, waingie watambae na ukuta, mkono mmoja usiache ukuta, wautafute mpira na waufuate kutoka nje kwa kushika viungio tu, na kila mtu ajue kwa vidole upande gani wa kiungio unaelekea kwenye gari, hivyo viungio vinatofautiana kwahiyo jifunzeni vyenu mlivyonavyo. Wafundishe kwa nini hawafungui nozo ovyo kwenye chumba kilichofungwa, maji yakigeuka mvuke yanatanuka kama mara 1,700, na ule mvuke unarudi kwao. Kwenye katani wafundishwe pia kwamba marobota yakishanyonya maji yanakuwa mazito na rundo linaweza kuporomoka, hakuna kusimama chini yake. Fanya moja ya mazoezi hayo usiku bila kutangaza, angalau mara moja kwa msimu, wataguna sana, waache wagune.

Mwezi wa Ramadhani pangilia mapema. Wengi wetu hapa tunafunga, na mtu mwenye swaumu aliyevaa koti la zimamoto saa tisa alasiri atazidiwa na joto haraka, haina uhusiano na ushujaa. Sogeza mazoezi mazito baada ya futari, zamu za mchana zifupishwe, na watu wajue kabisa mapema, wamuulize shehe wao, kwamba ukiingia kwenye moto kuokoa roho ya mtu na mwili ukaishiwa basi unakunywa maji. Kiongozi usingoje mtu aanguke ndio muanze mjadala.

La mwisho nililomwambia yule kijana lilimshangaza. Nilimuuliza koti la zoezi unaliweka wapi, akasema naondoka nalo nyumbani kwenye bodaboda, mama watoto analifua na nguo zingine. Nikamwambia acha kuanzia leo. Mwaka 2022 wataalamu wa saratani wa shirika la afya duniani, wale wa Lyon Ufaransa, waliiweka kazi ya zimamoto kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani, kundi moja na sigara, na lile sizi la kwenye koti ni sehemu ya hiyo hatari. Suuza koti palepale kwenye tukio kwa mpira wa maji, lifungie kwenye mfuko, lifuliwe kazini kwenye beseni lake, jifute shingo na mikono, na ukifika kwako nenda bafuni kabla hujamnyanyua mtoto. Kanijibu mzee hilo beseni hatuna. Nikamwambia basi kesho asubuhi, kabla ya helmeti mpya, peleka ombi la beseni na sabuni.