Somo: Kuchagua vyambo bandia na zana za kuvulia kwa fimbo, pwani ya Mtwara na Lindi

Kila kaskazi inapoingia na bahari kutulia, ninaulizwa swali lilelile kwa maneno tofauti: chambo gani kinakamata, cha rangi gani, na kinauzwa wapi. Nimechoka kulijibu kipande kipande, kwa hiyo naliandika hapa lote, na atakayeuliza tena nitamwelekeza kwenye somo hili. Linamhusu anayevua kwa fimbo na chambo bandia akiwa ufukweni, juu ya mwamba au ndani ya ngalawa, kuanzia Kilwa Masoko hadi Msimbati. Mwenye nyavu au mshipi wa mkono atapata machache humu.

Kwanza niondoe kikwazo kimoja. Wengi wenu mmejifunza kwa kutazama video za Wamarekani wakivua besi, kisha mkaagiza kasha la vyambo sitini kwa bei ya kuchekesha. Besi ni samaki wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Hapa Afrika Mashariki anajulikana zaidi katika Ziwa Naivasha, Kenya, alikopandikizwa miaka ya 1920. Hukaa kwenye majani na magogo, hana meno ya kukata, na kwa kawaida huwa na uzito wa kilo chache tu. Vyambo vyake vina ndoana nyembamba ambazo kolekole wa kilo nne huzinyoosha, na pete zake za kushikia ndoana hushika kutu baada ya siku chache za maji ya chumvi. Kanuni za wavuvi wa besi kuhusu kivuli, kina na mwendo wa chambo ni nzuri na zinafaa kujifunza, lakini zana zao zibaki ziwani.

Hatua ya kwanza: chagua samaki kabla ya chambo. Nguru na mzia wana meno yanayokata nailoni kwa mguso mmoja, na hufuata kitu kinachokimbia. Kolekole hakati, bali huvuta kwa nguvu na kukuzungusha kwenye mwamba. Chewa hutoka pangoni, hukamata na kurudi pangoni kwa kufumba na kufumbua, na akishaingia umempoteza pamoja na chambo. Changu hupekua chini taratibu. Ukishajua unamtafuta yupi, nusu ya maswali yako yamejijibu. Tasi usimtafute kwa chambo bandia kabisa, kwa kuwa chakula chake ni mwani.

Hatua ya pili: tazama maji. Upande wa Ruvula na Msimbati kina huanza karibu na ufukwe, hivyo jigi, yaani chambo kizito cha chuma kinachozama haraka, ina kazi. Ndani ya ghuba ya Mikindani, penye mikoko na maji matulivu, jigi hiyo itanasa tu kwenye mizizi. Mlango wa mto Lukuledi pale Lindi huwa na tope wakati wa mvua, na samaki huko huhisi mtikisiko wa chambo kabla ya kukiona. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo huwa mkali, kwa hiyo ongeza uzito; siku za maji mafu punguza.

Hatua ya tatu: fimbo na rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi. Ufukweni chukua fimbo ya mita 2.7 hadi 3 iliyoandikwa kwamba inarusha gramu 30 hadi 80, na kwenye ngalawa inatosha ya mita 2. Rili iwe ya ukubwa wa 5000 au 6000, iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi.

Hatua ya nne: mshipi, kipande cha mbele na fundo linaloviunganisha. Hapa ndipo samaki wengi hupotea, na hapa ndipo watu husoma haraka. Naomba usome taratibu.

Mshipi mkuu uwe wa kusukwa, wa nguvu ya kilo 15 hadi 20, usiopungua mita 250. Mshipi wa kusukwa haunyumbuki, kwa hiyo unahisi kila mguso, lakini ukigusa mwamba au chaza ukiwa umekazwa hukatika mara moja. Ndiyo sababu mbele yake huwekwa nailoni nene ya kilo 30 hadi 40, yenye urefu wa mita moja hadi moja na nusu, ambayo huvumilia mikwaruzo. Kwa nguru na mzia, mbele ya nailoni hiyo ongeza waya wa sentimita 20 hadi 30. Usizidishe, kwa maana waya mrefu huua mwendo wa chambo. Waya ukishajikunja hata mara moja, utupe. Mkunjo ukinyooshwa huonekana mzima lakini ndipo utakapokatikia.

Sasa fundo. Mshipi wa kusukwa unateleza, na fundo la kawaida la kufungia ndoana likitumiwa kuuunganisha na nailoni hushika vizuri mkononi, kisha huachia taratibu siku ya samaki mkubwa. Tumia fundo la kusuka, ambalo mshipi mwembamba huzungushwa juu ya nailoni kwa kupishana, mara moja juu na mara moja chini, mizunguko kama ishirini, kisha ukafungwa vifundo vidogo vya kuzuia. Lowanisha kwa mate kabla ya kukaza, kwa sababu msuguano wa nailoni kavu huleta joto linaloidhoofisha. Kaza taratibu mpaka uone mizunguko imebana na kubadilika rangi kidogo. Kisha lijaribu kwa kuzungushia mshipi kwenye kipande cha mti na kuvuta kwa nguvu zako zote. Usiuzungushe mkononi kwa hali yoyote, hata kama umevaa glovu, maana mshipi huo hukata nyama mpaka mfupani. Fundo likiteleza nyumbani, shukuru, kata na ufunge upya. Fundo ulilofunga jana na likapigana na samaki, leo lifunge upya hata kama linaonekana zima.

Onyo la mwisho katika hatua hii: mshipi wa kusukwa ukifungwa moja kwa moja kwenye kikombe cha rili huzunguka wote kwa pamoja bila kushika. Tanguliza mita chache za nailoni chini yake. Wala usijaze kikombe mpaka ukingoni; acha milimita mbili, la sivyo upepo utakusukia kiota usichoweza kukifungua.

Hatua ya tano: breki ya rili, yaani nguvu inayohitajika samaki akivuta ili rili iachie mshipi. Ipime kwa mizani ya kuning'iniza: iachie kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi, yaani takriban kilo 5 kwa mshipi wa kilo 20. Ukimvua chewa, ongeza kidogo na uwe tayari kumvuta sekunde ileile anapokamata.

Hatua ya sita: sasa chambo. Vinne vinatosha kuanzia. Jigi ya chuma ya gramu 40 hadi 60, ya rangi ya fedha, huruka mbali hata dhidi ya upepo na huvutwa haraka kwa nguru na kolekole. Samaki wa plastiki mwenye ulimi mbele, wa sentimita 12 hivi, huvutwa kwa mwendo wa wastani kandokando ya mwamba. Chambo cha juu ya maji chenye mdomo uliobonyea, kinachomwaga maji kikivutwa kwa vipindi, ni cha alfajiri na jioni. Cha nne ni mkia wa mpira laini kwenye kichwa cha risasi, wa kudundisha chini kwa chewa na changu. Kuhusu rangi, nitasema mara moja tu: maji meupe, fedha na buluu; maji ya tope, rangi nzito au nyeusi inayoonyesha umbo. Nyekundu ndiyo rangi ya kwanza kupotea kadiri unavyokwenda chini, kwa hiyo usiilipie zaidi kwa ajili ya kina.

Hatua ya saba: badilisha ndoana. Ndoana za miguu mitatu zinazokuja na chambo cha bei nafuu ziondoe pamoja na pete zake, uweke ndoana moja moja imara za maji ya chumvi. Bana mwiba wa ndoana kwa koleo. Utanishukuru siku itakapokuingia kidoleni.

Hatua ya nane: suuza kila kitu kwa maji baridi siku hiyohiyo.

Kuhusu leseni, mwone afisa uvuvi wa halmashauri yako. Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, kwa hiyo kabla ya kurusha chochote Msimbati pitia kwanza ofisi ya hifadhi.

Maswali na majibu

Kijana wa Shangani: Mwalimu, somo zuri, lakini hujasema rangi gani ndiyo bora kabisa.

Mwandishi: Nimesema katika hatua ya sita. Soma tena.

Mgeni Kitunda: Shikamoo mwalimu. Nina samaki wa plastiki mwenye ulimi, na kila nikimvuta anakwenda upande wa kushoto na kulala ubavu. Nimedhani ni mkondo, lakini hata kwenye maji yaliyosimama hufanya hivyohivyo. Je, ameharibika?

Mwandishi: Marahaba dada, na hongera kwa kumjaribu kwenye maji yaliyosimama, kwa kuwa hivyo ndivyo inavyotakiwa. Hajaharibika. Tazama kile kitundu cha waya puani unapofungia mshipi: kimepinda kidogo. Akikimbilia kushoto, kipinde kitundu hicho kuelekea kulia, kidogo mno kuliko unavyofikiri, kisha mvute tena umtazame. Rudia mpaka anyooke. Angalia pia kama ndoana za mbele na za nyuma zina uzito unaolingana na zile ulizoondoa, kwa sababu ukiweka ndoana nzito nyuma hubadilisha namna anavyoelea. Usifunge waya moja kwa moja kwenye kitundu. Tumia kiungio kidogo cha kufunguka ili kichwa kiwe huru kutikisika.

Mgeni Kitunda: Nimefanya, ananyooka sasa. Swali la pili: kwa nini nisitumie waya wakati wote, nikawa salama kwa kila samaki?

Mwandishi: Kwa sababu kolekole na changu katika maji meupe huuona na kusita, na kwa sababu uzito wa waya huinamisha pua ya chambo chepesi. Kuna njia ya katikati: nailoni nene sana, ya kilo 50 au zaidi, huvumilia meno ya nguru mdogo kwa muda. Kila baada ya samaki ipitishe kati ya vidole, na ukihisi mkwaruzo kata sehemu hiyo. Hayo ni mapatano, wala si kinga kamili.

Nahodha mstaafu, Mikindani: Mwanangu, sisi tumevua nguru kwa chuchungi na vibua vibichi kabla hamjazaliwa. Haya madude ya plastiki ni ya kuwalisha wauza duka.

Mwandishi: Shikamoo mzee wangu. Sikusema kwamba chambo bandia kinashinda kibua kibichi, na sehemu nyingi hakishindi. Anayesimama ufukweni jioni baada ya kazi hana kibua kibichi, wala hana wa kumkamatia, na huyo ndiye niliyemwandikia. Hata hivyo hatua ya nne inamhusu pia mwenye kibua, kwa kuwa meno ya nguru hayabagui.

Nahodha mstaafu, Mikindani: Marahaba. Hapo kwenye waya umesema kweli. Waambie pia wenye ngalawa wafumue kiroba cha nailoni, wafunge nyuzi zake nyeupe kwenye ndoana na kipande cha karatasi ya kung'aa. Hicho hakiuzwi dukani, na kinafaa kuburuta nyuma ya chombo.

Mwandishi: Hilo ni la kuongezwa kwenye somo, mzee, asante. Nyuzi zisizidi urefu wa ndoana kwa mbali, la sivyo samaki hukamata mkia na kuacha.

Mkeka_Lindi: Bro mimi nimefunga fundo lako limekatika, somo halifai.

Mwandishi: Limekatika au limeteleza? Lilikatikia wapi, kwenye nailoni au kwenye mshipi? Ulilowanisha? Ulilijaribu kwenye mti kabla ya kutoka?

Mkeka_Lindi: Sikulowanisha.

Mwandishi: Basi jibu unalo.

Mama wa Feri: Kaka, mimi sivui, nanunua kwa wavuvi na kuuza. Kwa nini nguru wa fimbo wengine wana nyama laini ilhali ni wa siku hiyohiyo?

Mwandishi: Swali zuri, dada, ingawa linatutoa nje ya vyambo. Samaki aliyepigana muda mrefu na kisha akaachwa juani nyama yake huharibika haraka. Waambie wamkate mishipa ya damu nyuma ya matamvua mara tu anapotoka majini, damu itoke, kisha aingie kwenye barafu na kufunikwa mzima, si kulazwa juu yake. Na hapa breki iliyopimwa vizuri inasaidia tena, kwa sababu inafupisha mapigano.

Kijana wa Shangani: Mwalimu, kuna samaki anakata mikia yangu ya mpira kila nikidundisha karibu na nguzo, na simpati. Anaacha alama ya duara kama ya mkasi.

Mwandishi: Sasa hili ni swali. Huyo kwa dalili zake ni bunju. Meno yake yameungana kama mdomo wa kasuku na hukata mpira safi. Hama hapo mita thelathini au badilisha uweke jigi ya chuma mpaka maji yabadilike. Ukimpata kwa bahati mbaya, mtoe ndoana kwa koleo, usimpe mtu wala paka, kwa maana sumu yake haiondoki kwa kupikwa.

Kijana wa Shangani: Nimekuelewa. Na ile mikia iliyokatwa niitupe?

Mwandishi: Usiitupe baharini. Ikate sawasawa nyuma ya duara, uivike kwenye kichwa kidogo cha risasi cha gramu 7 na ndoana ndogo, uijaribu ndani ya ghuba wakati maji yanajaa. Kolekole wadogo huipenda fupi.