Jinsi ya kutengeneza kikaragosi cha kamba kama cha wasanii wa Delhi na kukichezea mtaani Nairobi

Kama mko Mathare ama Kibra na mna kagrupu kenu ka sarakasi, ongezeni vikaragosi. Kuna mtaa wa mabanda ulikuwa Shadipur huko Delhi unaitwa Kathputli Colony, wacheza vikaragosi kutoka Rajasthan, wanasarakasi na watu wa mazingaombwe wote walibanana hapo, walilea watoto na hii kazi miaka mingi mpaka mtaa ukabomolewa 2017 kupisha maghorofa, na hiyo story watu wa Nairobi hatuhitaji kuelezewa.

Mbao kwanza. Kule wanatumia mwembe, hapa tafuta jacaranda, ndiyo Wakamba huchongea vinyago. Chonga kichwa na kifua kwa kipande kimoja. Miguu achana nayo! Vyao vingi havina, sketi ndefu inafunika na ikizunguka ndiyo dansi yenyewe. Mikono ni kitambaa umejaza matambara. Macho chora makubwa kabisa, hata mtu wa boda amesimama huko nyuma ayaone.

Kamba wao wanashika na vidole tu, hakuna kijiti. Uzi mmoja unatoka utosini, unapita juu ya kidole, unarudi kushikana mgongoni kiunoni, sasa ukichezesha mkono kinainama kukusalimia. Wa pili unashikanisha mikono. Anza na hizo mbili.

Sasa sauti, na hapa ndipo watu hulala. Mchezaji anaweka mdomoni kifilimbi cha mwanzi na ngozi kinaitwa boli, kinatoa tu mlio wa juu juu hakuna neno unashika, so mpiga ngoma ndiye anauliza na kujibizana nacho. Kikaragosi kinalia, yeye anaruka, "Ati nini? Kanjo wako wapi?" Kwa hivyo ngoma mpeni yule ana mdomo, sio lazima awe fundi wa kupiga.

Stage, kule wanasimamisha vitanda viwili vya kamba wanatundika pazia, nyinyi tumieni chochote, bora nyuma kuwe kweusi uzi usionekane. Mkitaka kucheza tao ulizieni kibali mapema.

Pesa okoteni kabla ya kile cha sura mbili, kile sketi ikipinduliwa mwanaume anageuka mwanamke, maana kikiisha tu watu wanatawanyika. Na namba ya M-Pesa muiandike kubwa kwa kadibodi.