Kufunga alamu ya wizi na moto inayopiga simu, bila kuvuta waya

Mashine hizi ukienda Kariakoo unazikuta tele: boksi moja lina mashine yenyewe, king'ora, sensa mbili tatu na rimoti. Kuzifunga si kazi kubwa. Zinapowaangusha watu ni kwenye laini ya simu na namba za kupigiwa walizoingiza. Tuanze na laini; namba tutazifikia hatua ya 5.

1. Laini. Sajili laini mpya, kisha ichomeke kwenye simu ya kawaida uondoe PIN ya laini, ile inayoulizwa simu ikiwashwa, la sivyo mashine haitashika mtandao. Chagua mtandao unaoshika vizuri ndani ya nyumba yako, pale pale mashine itakapokaa. Weka salio la kawaida. Kifurushi kinaisha muda wake kimyakimya, nawe utajua siku mashine ikishindwa kupiga. Mashine nyingi za bei rahisi zinatumia 2G tu. Ukiweza, ongeza hela uchukue ya 4G.

2. Mashine. Usiitundike sebuleni ikitazamana na mlango, mwizi ataanza nayo. Ifiche chumbani karibu na soketi, mbali na friji na vitu vya chuma. Betri ya ndani mara nyingi inakuja ikiwa imezimwa, kwa hiyo tafuta swichi yake uiwashe. Kisha chomoa umeme uone kama mashine inaendelea. LUKU ikiisha usiku, betri hiyo ndiyo itakayokulinda.

3. Mlango na mwendo. Sumaku inakaa kwenye mlango, sensa kwenye fremu, na mlango ukifungwa nafasi kati yake isizidi sentimita moja. Kwenye mlango wa chuma, weka kwanza kipande cha mbao au plastiki chini ya sensa, maana chuma kinavuruga sumaku na mawimbi. Sensa ya mwendo ifunge kwenye kona, kama mita mbili kutoka chini. Inanasa joto linalosogea, kwa hiyo isitazame dirisha linalopigwa na jua. Ukifuga paka, wakati wa kulala tumia ile hali ya "nyumbani", ambapo milango inalindwa na sensa za mwendo za ndani zinapumzika.

4. Moshi. Sensa ya moshi ibandike darini, katikati ya korido ya vyumba. Jikoni usiweke ya moshi. Chapati tu zitaiamsha. Huko weka sensa ya joto la moto. Mwenye mazoea ya kufukiza udi chumbani naye aisogeze mbali kidogo. Kwenye mashine, seti sensa hii kama zoni ya saa 24, ili ilie hata ulinzi ukiwa umezimwa. Wengi wanaruka hapa, halafu alamu ya moto inafanya kazi wakiwa safarini tu. Na funguo za grili ziwe sehemu moja ambayo kila mtu ndani, hata mtoto, anaijua. King'ora hakifungui kufuli.

5. Namba. Ya kwanza isiwe yako. Wewe uko Posta kwenye foleni, utafanya nini? Anza na jirani anayeshinda nyumbani, kisha mlinzi au mjumbe, halafu wewe. Namba 114 ya Zimamoto usiiingize kwenye mashine: wao wanauliza maswali, na mashine haijibu. Jirani akishathibitisha, yeye ndiye apige 114, au 112 ya polisi. Kama mashine inarekodi sauti, sema kifupi: "Alamu inalia kwa Baba Neema, geti la bluu nyuma ya msikiti. Angalia kama ni moto au wizi." Ujumbe wa SMS uwe na jina la mtaa na namba ya nyumba, jirani amsomee wa Zimamoto.

6. Jaribio. Waarifu majirani kwanza. Washa ulinzi, toka, subiri dakika chache sensa zitulie, kisha fungua mlango. Acha mashine ipige namba zote. Asiyepokea mara mbili mfululizo, mbadilishe. Jaribu na ya moshi kwa kitufe chake cha TEST. Rudia kila mwezi, siku hiyo hiyo uangalie salio. Sensa ikianza kutoa mlio mfupi kila baada ya muda, inadai betri.