Acha kumkimbiza mtoto na kijiko

Nina genge Tabata Kimanga, Dar es Salaam, huu mwaka wa kumi na moja. Mboga za nusu ya mtaa zinapita mikononi mwangu. Ndiyo maana niliumia sana siku niliyoambiwa kliniki kwamba mjukuu wangu, mtoto anayelelewa kwenye nyumba yenye mchicha mbichi kila siku, ameongezeka gramu mia moja tu kwa miezi mitatu. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Mstari kwenye kadi yake ulikuwa umelala.

Nesi hakunigombeza. Alisema, "Mama, hebu nitajie kila kilichoingia mdomoni mwake jana, tangu alipoamka."

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Saa moja chai ya rangi na nusu andazi. Saa tatu biskuti, kwa sababu alilia nikiwa na wateja. Saa nne juisi ya boksi. Pipi mbili ambazo Mangi wa dukani alinipa badala ya chenji. Saa saba wali na maharage, akageuza uso. Nikamwekea katuni kwenye simu, nikamzunguka na kijiko, akameza mara nne, basi. Jioni baba yake akarudi na soda.

"Huyu hajakataa chakula," nesi akasema. "Ameshiba." Kisha akauliza mtoto anashinda wapi. Anashinda kwenye kiti chake nyuma ya genge, na simu mkononi.

Tangu siku ile nimeshika jambo moja, na mengine yote nitakayokueleza yanatoka humo. Mtoto mdogo anatakiwa afike kwenye chakula akiwa na njaa, na njaa hiyo anaitafuta kwa kucheza. Kumlisha na kumchezesha ni kazi moja.

Anzia katikati ya milo

Kabla hujabadilisha unachopika, angalia kinachoingia kati ya mlo na mlo. Cha kwanza kuondoa ni chai. Najua sisi watu wa Pwani tunampa mtoto chai tangu anaota meno, lakini majani ya chai yanazuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye chakula, na mtoto wa umri huu anaishiwa damu haraka. Mpe uji, maziwa au maji. Maziwa ya ng'ombe nayo yana kipimo: yakizidi nusu lita kwa siku yanajaza tumbo, chakula kinakosa nafasi. Anayenyonya aendelee kunyonya hadi miaka miwili na zaidi.

Ratiba yangu ni hii. Saa moja asubuhi uji. Saa nne tunda: ndizi, papai au embe kama ni msimu. Saa saba chakula. Saa kumi parachichi au kipande cha kiazi lishe, kile cha rangi ya machungwa. Saa moja jioni chakula tena. Katikati ni maji tu. Wangu alililia biskuti siku tatu. Siku ya nne, saa saba, aliingiza mkono mzima kwenye bakuli la maharage.

Watu wazima walinipa kazi kuliko yeye. Mangi nilimfuata asubuhi dukani hana wateja, nikamwomba chenji yangu aniwekee, nitaidai kesho, ila pipi asinipe tena. Alikubali, na mpaka leo anakumbuka. Mkwe wangu sikuweza kumwambia mwenyewe, nikapitisha kwa binti yangu. Soda ilikuwa mapenzi ya baba, na mapenzi hayazuiwi. Siku hizi anarudi na chungwa, wanalimenya pamoja kibarazani.

Bakuli lake, siyo lako

Tunawapakulia watoto kama wapagazi. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, kwa mlo mmoja, anatoshwa na robo tatu ya kikombe cha mililita 250, au kikombe kizima. Akiwa na bakuli lake utaona anakula kiasi gani. Akila sahani moja na wakubwa, hutajua.

Wewe unachagua kinachopikwa na saa ya kula. Yeye anachagua ale kiasi gani. Akigeuza uso, usimshike kidevu. Kaeni nusu saa, kisha ondoa bakuli bila kununa. Atakula saa kumi. Na usimwahidi pipi akimaliza ugali, maana hapo umemfundisha kwamba ugali ni adhabu na pipi ndiyo chakula. Simu isiwepo kabisa mkekani. Mtoto anayetazama katuni anafungua mdomo bila kujua anakula nini.

Mboga zinahitaji subira. Mtoto anaweza kuhitaji kuonja kitu kipya mara nane, kumi, hata kumi na tano kabla hajakizoea. Bamia za mjukuu wangu nilizihesabu kwa chaki kwenye nguzo ya genge, alama moja kila alipoonja. Mara nyingine aliitema, mara nyingine aliilamba tu. Alama ya kumi na moja alimeza, akanyoosha mkono kutaka nyingine. Ningekata tamaa kwenye ya nne, kama tunavyofanya wengi, leo ningekuwa nasema huyu hapendi bamia.

Kitu kimoja kilichobeba mzigo mkubwa nyumbani kwangu ni unga wa dagaa. Dagaa wa Mwanza wana mchanga, kwa hiyo toa vichwa na matumbo, osha kwa maji ya moto, badilisha maji mpaka mkono usihisi changarawe chini ya beseni. Anika mpaka wakauke, kisha wakaange bila mafuta kwa moto mdogo hadi wavunjike ukiwabana kwa vidole. Twanga, chekecha, weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Kijiko kimoja kwenye mchicha wa nazi, au kwenye ugali laini na mchuzi wa nyanya, kinatosha. Kamulia limao kidogo. Linausaidia mwili kuchukua chuma cha kwenye mboga.

Karanga naziuza, kwa hiyo nisikilize hapa. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, tupa. Usifikiri ukikaanga umemaliza: sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiishi kwa moto wa jikoni. Kwa sababu hiyo sinunui unga wa lishe uliosagwa tayari na karanga ndani. Nasaga nafaka peke yake, karanga nazichambua kwa mkono na kuzitwanga kidogo kidogo za wiki. Na karanga nzima, bisi, pipi ngumu na zabibu nzima usimpe mtoto wa umri huu, zinamkaba. Samaki mchambue kwa vidole vyako mwenyewe, hata kama dada wa kazi amesema ameshatoa miiba.

Saa tatu za kucheza

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa mwaka mmoja hadi minne ajishughulishe kwa mwili angalau dakika 180 kwa siku. Ni saa tatu, lakini zinagawanywa siku nzima. Asifungwe kwenye kiti wala mgongoni zaidi ya saa moja mfululizo. Wa mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa. Wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi.

Huhitaji uwanja. Mimi nina uchochoro, uwa tunaochangia wapangaji wanne, na genge. Asubuhi nampa kazi: anahamisha viazi kutoka kwenye gunia hadi mezani, kimoja kimoja, kwa mikono miwili. Kiazi kimoja, safari moja. Anaweza kwenda safari thelathini, anahema, anacheka. Dumu tupu la lita tano lenye kamba ndilo gari lake. Nachora mistari ya chaki sakafuni, anaruka. Mpira wa makaratasi anaufukuza na watoto wakubwa, nao wanampunguzia kasi.

Joto la Dar, hasa Desemba hadi Machi, si la kuchezea mchana. Mtoe kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi jioni, na maji ya kunywa yawe karibu. Kwenye uchochoro simama upande wa bodaboda zinakotokea. Ndoo ya maji ifunikwe au imwagwe kila mara, maana mtoto anazama kwenye maji kidogo mno, tena bila kelele. Jumapili moja moja tunakwenda Coco Beach mapema, watu hawajajaa. Mchanga ule unamchosha kuliko kitu chochote, kwa sababu kila hatua mguu unazama.

Kliniki usiiache hata kama mtoto anaonekana mzima. Juni na Desemba kuna matone ya vitamini A kuanzia miezi sita, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja. Mstari wa kadi ukilala, au miguu ikivimba, au mtoto akikosa hamu ya kula na ana homa, usijaribu mapishi. Mpeleke siku hiyohiyo.

Masika yakianza tunahamia koridoni. Nageuza sufuria ziwe ngoma, napanga mito ya kitanda, anapanda na kushuka, nami nafagia kando yake huku mvua inapiga bati. Saa saba ikikaribia anaacha mwenyewe, anakwenda kabatini, anarudi na bakuli lake.